Namna ya Kuusoma Mfumo wa Vyuo Vikuu vya Uskoti

Mzazi au mwanafunzi anayelinganisha vyuo vikuu vya Uskoti asianze na majengo wala orodha za ubora, bali aulize kwanza ni nani anayemlipia nani, kwa kuwa jibu la swali hilo ndilo linaloamua nafasi, ada na hata uthabiti wa chuo chenyewe.

Elimu ya juu ya Uskoti iko chini ya bunge lililoko Edinburgh, si la London, ndiyo maana taratibu zake zinatofautiana na za England. Hata hivyo, vyuo si idara za serikali. Ni taasisi za hisani zinazojiendesha. Ukitaka kujua nani mwenye kauli, tazama Baraza la Chuo, linalosimamia fedha na mali, kisha Seneti, inayosimamia taaluma. Vyuo vikongwe vinne, yaani St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh, alikosoma Mwalimu Nyerere hadi mwaka 1952, vina pia rekta anayechaguliwa na wanafunzi (huko Edinburgh, wafanyakazi nao hupiga kura) kwa miaka 3 na kuketi katika Baraza la Chuo. Utaratibu huu unastahili kuigwa, kwani sauti ya mwanafunzi hufika mahali bajeti inapopitishwa.

Sasa zifuate fedha. Kwa mkazi wa Uskoti anayesoma shahada ya kwanza, serikali hulipa ada ya paundi 1,820 kwa mwaka, kiasi ambacho hakijapanda kwa zaidi ya miaka kumi, na Baraza la Ufadhili la Uskoti hukiongezea chuo ruzuku, ila nafasi hizo zina ukomo. Anayetoka England hulipa ada yenye kikomo. Wewe utokaye Dodoma au Nairobi huna kikomo kinachokulinda: kila chuo hujipangia, na ada yako ndiyo huziba pengo ambalo ruzuku imeliacha.

Kwa hiyo fungua taarifa ya fedha ya mwaka, ambayo kila chuo huichapisha, uone ni sehemu gani ya mapato inatokana na wanafunzi wa kigeni. Chuo Kikuu cha Dundee kilitangaza nakisi kubwa mwishoni mwa mwaka 2024, na kupungua kwa wanafunzi hao kulikuwa miongoni mwa sababu.

Mwisho, zidisha ada kwa 4, kwa sababu shahada ya kwanza ya kawaida huko, iitwayo “honours”, huchukua miaka 4, na uombe jibu la maandishi kama ada itapanda kila mwaka.