Namna ya Kumshawishi Mkuu wa Kazi Kabla ya Kikao Kuamua

Anayetaka kubadili uamuzi kazini aanze kabla ya kikao. Katika viwanda vya minofu ya sangara vya hapa Mwanza, kama ilivyo katika ofisi nyingi, kikao mara nyingi huidhinisha yale ambayo watu watatu au wanne wamekwisha kuyazungumza pembeni. Anayesimama hapo na pendekezo geni humlazimisha mkuu wake achague mbele za watu kati ya kukubali asichokielewa na kukataa ili alinde heshima yake. Wengi hukataa, wala si kwa ubaya.

Basi mwendee kwanza yule atakayebeba gharama. Nilipokuwa msimamizi wa mapokezi ya samaki katika kiwanda kimoja, nilitaka magari yanayokwenda mialoni, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki, yaongezewe barafu, kwa kuwa samaki waliotoka visiwa vya mbali walikuwa wakifika wamelegea. Mara ya kwanza niliandika barua ya kurasa mbili iliyojaa malalamiko, ikakaa mezani kwa meneja mwezi mzima. Mara ya pili nilikwenda kwa mhasibu, nikamwuliza ni kitu gani kingemzuia yeye asikubali, naye akanieleza bila kuficha kwamba hakuna aliyewahi kumwonyesha hasara hiyo kwa shilingi. Kwa wiki mbili nikapima kilo zilizokataliwa kutoka kila gari pamoja na barafu iliyopakiwa, nikaziandika zote kwenye karatasi moja.

Karatasi peke yake haikutosha. Nilimwomba meneja ashuke mapokezini alfajiri, nikamwekea mezani sangara wawili, mmoja aliyefukiwa ndani ya barafu tangu mwaloni na mwingine aliyetupiwa vipande vichache kwa juu. Alifunua mashavu yao mwenyewe: ya yule wa kwanza yalikuwa mekundu, ya wa pili yamegeuka kahawia na kujaa ute. Akabonyeza nyama kwa kidole, na kwa yule wa pili alama ya kidole ikabaki pale pale. Sikusema neno. Ni yeye aliyeuliza barafu ya ziada ingegharimu kiasi gani, na swali likishatoka kinywani mwa mwenye uamuzi, kazi yako ni kulijibu kwa ufupi na kutaja udhaifu wa pendekezo lako kabla wengine hawajautaja. Nilimwambia wazi kwamba barafu ingepunguza nafasi ya samaki ndani ya gari.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaja njia tatu za kushawishi, yaani tabia ya msemaji, hisia za msikilizaji na hoja yenyewe. Kazini mimi huitanguliza tabia, kwa sababu wenzako wanakuona kila siku, na ukizidisha kilo mara moja tu, hesabu zako zote zijazo zitatiliwa shaka.

Kiongozi naye ana wajibu wa kushawishika. Jioni ya tarehe 27 Januari 1986, nchini Marekani, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za chombo cha anga za juu cha Challenger walishauri kisirushwe, wakihofia kwamba baridi ingefanya mipira ya kuziba viungo vya roketi ishindwe kufanya kazi. Badala ya wanaotaka kurusha kutakiwa waonyeshe kuwa ni salama, wahandisi ndio waliotakiwa kuthibitisha kuwa ni hatari, na wakubwa wao wakageuza ushauri huo. Kesho yake chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu 7.

Kwa hiyo unapoongoza kikao, mpe nafasi ya kwanza mwenye cheo kidogo, na maoni yako yaje mwisho. Uamuzi ukishapita, waeleze wapakiaji na madereva sababu yake, kisha waache wapange utekelezaji. Kwetu wapakiaji ndio walioshauri barafu itandazwe chini kabla ya samaki wa kwanza kuingia. Katika muhtasari andika pingamizi zilizotolewa, na utaje tarehe ya kulipitia jambo hilo upya.