Manjano na pilipili manga za Pemba: kujiandaa kabla kanuni za Ulaya hazijabadilika

Mzigo unaokwenda Ulaya kwa kawaida hupimwa kwa kanuni inayotumika siku unapoingia sokoni kule, si siku ulipopakiwa Wete au Mkoani. Nafuu ya mpito, ikitolewa, mara nyingi huwahusu waliokwisha kuingiza bidhaa. Iliyo baharini haimo. Kwa hiyo piga hesabu kurudi nyuma: forodha, safari na kungoja meli njiani, maabara, kuanika, mavuno. Kama mavuno ya sasa yatafika baada ya tarehe mpya, yatayarishe kwa kanuni mpya tangu shambani. (Karafuu haimo humu, njia yake ni ZSTC tu, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar.)

Kiasi nacho kihesabiwe mapema. Kilo 5 za manjano mabichi hutoa takriban kilo 1 makavu, na pilipili manga hubaki kama theluthi moja. Mzigo ukikataliwa, hakuna wa kuuziba haraka.

Viwango ndivyo vinavyowaangusha wengi. Kwa pilipili manga, manjano na tangawizi, Ulaya inakubali aflatoksini (sumu ya ukungu) aina ya B1 isiyozidi mikrogramu 5 kwa kilo, na aflatoksini zote pamoja 10. Mwaka 2021 iliongeza viwango vya madini ya risasi: miligramu 0.6 kwa kilo kwa viungo vya matunda kama pilipili manga, 1.5 kwa vya mizizi, 2 kwa magome kama mdalasini. Sumu ya ukungu huja pale manjano yaliyochemshwa yanapolundikwa yakiwa maji, au mvua inaporudia kuyalowesha. Yaanike juu ya vichanja, kwa tabaka jembamba, hadi kidole cha manjano kivunjike kwa mlio. Pilipili manga ishuke hadi unyevu wa 12% au chini. Nunueni kipimo cha unyevu kimoja kwa kikundi kizima, kubashiri kwa mkono hakutoshi. Msikaushie juu ya moto wa kuni, maana sumu ya moshi nayo ina kiwango chake (benzopirini, mikrogramu 10 kwa kilo), wala kando ya barabara.

Kisha sampuli. Konzi ya juu ya gunia haisemi kitu, kwa sababu aflatoksini hukaa kwenye punje chache. Pilipili manga ichomwe kwa bambo (chuma cha kutolea punje guniani) juu, kati na chini, gunia baada ya gunia, uchanganye zote ndipo upeleke maabara. Manjano mazima hayaingii kwenye bambo. Fungua magunia na uchukue kwa mkono kutoka kila upande. Weka sehemu ya mchanganyiko huo kwenye mfuko uliofungwa na kusainiwa, hadi mnunuzi athibitishe kupokea.

Wanaouza kama kilimo hai wana kazi zaidi. Chini ya kanuni ya Ulaya ya kilimo hai, 2018/848, iliyoanza kutumika 1 Januari 2022, kikundi lazima kisajiliwe kisheria, kisizidi wanachama 2,000, na kiwe na ukaguzi wake wa ndani. Wakaguzi wa nje hurudia kukagua angalau 5% ya wanachama kila mwaka, wasipungue 10, na huchukua sampuli kwa angalau 2% ya wanachama. Orodha inayoonyesha mwanachama, shehia, eneo la shamba na kilo alizoleta ndiyo watakayoiomba kwanza. Kilo zikizidi uwezo wa shamba, maswali hayaishi.

Upande wa forodha, namba ya bidhaa ya pilipili manga nzima ni 0904.11 na ya iliyosagwa 0904.12, hivyo ukinunua mashine ya kusaga, karatasi nazo zibadilike. Toleo jipya la namba hizi duniani linaanza 1 Januari 2028. Mkataba unaovuka tarehe hiyo uandike jina kamili la bidhaa pia. Ili kudai nafuu ya ushuru inayotolewa kwa nchi bidhaa inakotoka, mzigo unaozidi euro 6,000 unahitaji tamko la asili (linaloeleza bidhaa imetoka wapi) la msafirishaji aliyesajiliwa kwenye REX, mfumo wa Ulaya wa kusajili wasafirishaji. Jisajili kabla ya mavuno, na mkataba uandike nani anabeba gharama ya kurudisha au kuteketeza mzigo uliokataliwa.