Seva yako inafuata saa za wapi?

Seva ya kukodi mara nyingi huja na saa za UTC (saa za kimataifa), saa 3 nyuma ya Afrika Mashariki. Mimi nilipanga bekapu ianze saa nane usiku, kumbe inaanza saa kumi na moja alfajiri, wateja wa mapema wameshaingia! Kwenye Ubuntu au Debian andika:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Mlio Kenya wekeni Africa/Nairobi, saa ni ile ile. Herufi kubwa na vistari vya chini usivichezee. Kisha andika timedatectl peke yake. Ukiona (EAT, +0300), yaani saa za Afrika Mashariki, imekubali. Bado cron, programu inayoanzisha kazi kama bekapu kwa ratiba, na hapa ndipo wengi tunasahau: isipowashwa upya huendelea na saa za zamani.

sudo systemctl restart cron