Somo: Picha ya fundi cherehani, kuanzia kibarazani hadi kwenye uhariri

Ninaulizwa sana ni filta gani inayofanya picha "itoke". Kabla ya filta kuna maamuzi mengi, na yale ya mwanzo ndiyo yenye uzito kuliko yote. Kwa hiyo leo tunachukua picha moja ya kawaida, fundi cherehani kwenye kibaraza cha mtaani, na kuifuata kuanzia mwanga unapomwangukia hadi faili linapohifadhiwa. Nimemchagua fundi kwa sababu mbele yake kuna kila kinachosumbua kamera: cherehani nyeusi, kitambaa cheupe, vitenge vya rangi kali, uso wa mtu mweusi uliopo kivulini, na nyuma yake barabara inayowaka jua.

Msimamo wangu niuseme mapema ili mjue ninakowapeleka. Kazi ya uhariri ni kurudisha kile ambacho macho yaliona na kamera ikashindwa kukibeba. Rangi ya ngozi ya mtu haimo kwenye orodha ya kasoro.

Hatua ya 1: Soma mwanga kabla ya kutoa simu

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba jua hupita juu ya utosi kabisa, na hata miezi mingine adhuhuri yetu ni kali. Kwenye saa sita na nusu mchana, mtu aliyesimama nje anapata vivuli vyeusi kwenye matundu ya macho na chini ya pua. Hakuna kitufe cha kuviondoa vizuri baadaye. Tena, kwa kuwa jua letu hushuka karibu wima, ile nuru ya dhahabu ya jioni haikai. Wenzetu wa Ulaya kaskazini huwa nayo muda mrefu, sisi tukizubaa kidogo imekwisha.

Lakini kibaraza hakihitaji kungoja jioni. Paa linazuia jua la juu, na mwanga unaingia kutoka upande wa barabara ukiwa umeshagonga ardhi na kuta za jirani, kwa hiyo ni mlaini. Seydou Keïta, mpigapicha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa mchana, na hadi leo nyuso zile zina uhai ambao taa nyingi za studio haziupati. Mwombe fundi ageuze kiti kidogo tu, uso uelekee upande ulio wazi. Wewe simama ubavuni, ukuta uwe nyuma yake badala ya barabara. Mabadiliko hayo mawili yanakuokolea nusu ya uhariri.

Angalia na turubai. Kibaraza kikiwa kimefunikwa turubai la bluu, kila kitu chini yake kinakuwa na ubluu, na uso ndio unaoumia zaidi. Sogea ukingoni ambako mwanga wa nje unafika.

Hatua ya 2: Ongea kwanza

Salimia, sema unachotaka, eleza picha itakwenda wapi. Fundi akikubali, mwache arudi kwenye kazi. Dakika za mwanzo atakuwa anakutazama wewe, na picha zitakuwa za mtu anayepigwa picha. Subiri mteja aje kupimwa, uzi ukatike, futi irudi shingoni.

Hatua ya 3: Iambie kamera ni nini muhimu

Hapa ndipo ninapotaka mkae. Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui uso ni nini. Kwa desturi kinachukulia kwamba mandhari yote, ukiyachanganya, yanarudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga, yaani kijivu cha katikati. Ukiwa na barabara nyeupe nyuma, kamera inaona mwanga mwingi mno na inapunguza. Barabara inapendeza, fundi anakuwa kivuli. Watu huona matokeo hayo wakasema "ngozi nyeusi haipigiki vizuri". Inapigika vizuri sana, ila ilipimwa vibaya.

Historia nayo ina mkono wake. Katika enzi ya filamu za rangi, maabara nyingi zilisawazisha rangi kwa kadi za mfano zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye hesabu, na picha zetu zikatoka bila umbo la uso. Miongoni mwa waliosukuma Kodak, kampuni ya kutengeneza filamu, kurekebisha filamu zake ni watangazaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba rangi za kahawia hazitofautiani. Hilo bado linaniuma kila nikilikumbuka.

Kwenye simu, gusa uso wa fundi kwenye skrini, ushikilie hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha telezesha kidole juu au chini kurekebisha. Ongeza mwanga mpaka uone paji la uso, shavu na taya vinatengana, kila kimoja na kivuli chake. Kitambaa cheupe kikianza kupoteza nyuzi, rudi kidogo. Kwa kamera kubwa, pima usoni peke yake au ongeza nusu stopu hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili).

Zima kabisa kile kinachoitwa urembo wa uso. Simu nyingi huja nacho kikiwa kimewashwa, na kinalainisha ngozi na kuing'arisha kabla hujabonyeza.

Kwa mikono inayoshona, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya sekunde 1/250 inaigandisha. Ukitaka gurudumu lionekane linazunguka, shuka hadi 1/30 na uegemee nguzo ili wewe mwenyewe usitikisike.

Hatua ya 4: Chagua

Usianze kuhariri siku hiyohiyo kama huna haraka. Pitia zote, futa zilizotikisika, kisha bakiza chache na uziangalie zikiwa ndogo kabisa kwenye skrini. Ambayo bado inaeleweka ikiwa ndogo, hiyo ina umbo. Mimi hutazama mikono kwanza, halafu macho, halafu pembe nne za fremu. Pembe ndiko kunakojificha ndoo ya bluu na mguu wa mpita njia.

Hatua ya 5: Hariri kwa mpangilio huu

Nyoosha na ukate. Mstari wa meza ukiinama bila sababu, jicho la msomaji linahangaika nao.

Kisha mwanga. Shusha sehemu zinazong'aa ili kitambaa kirudishe nyuzi zake, pandisha vivuli kidogo ili cherehani ionekane umbo. Kidogo! Vivuli vikipandishwa mno, weusi unageuka majivu na picha yote inapoteza mwili. Weusi wa cherehani ubaki mweusi.

Rangi inafuata. Una bahati, kwa sababu kitambaa cheupe kimo ndani ya picha. Tumia zana ya kuchagua nyeupe, gusa sehemu ya kitambaa iliyo kwenye mwanga uleule wa uso, halafu tazama ngozi. Ikiwa imeingia ukijani kutoka kwenye ukuta uliopakwa rangi, sogeza kidogo kuelekea waridi. Ikiwa ya kijivu, ongeza joto. Vitenge usiviongezee rangi. Vina rangi ya kutosha tangu kiwandani, na ukivisukuma uso unavutwa navyo kuelekea chungwa.

Mwisho, kazi za sehemu moja moja: punguza mwanga wa barabara iliyobaki ukingoni, ongeza mwanga kidogo usoni kama panahitaji. Ukali wa picha weka kwenye macho na mikono, siyo kwenye picha nzima.

Halafu ondoka. Kanywe chai, urudi, ulinganishe na picha ya awali. Kama cha kwanza unachoona ni uhariri, punguza vyote kwa theluthi.

Hatua ya 6: Hifadhi

Tunza faili la awali bila kuligusa, na toleo lililohaririwa liwe na jina lake. JPEG, aina ya faili la picha lililobanwa, hupoteza kidogo kila unapoifungua, kuibadilisha na kuihifadhi upya, kwa hiyo anza upya kutoka kwenye asili. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, isibanwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Simu yangu ni ya bei ndogo na haina RAW (faili ghafi la kamera). Nitakuwa nakosa nini? (Mwanachama, Morogoro)

Marahaba. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 12 ina 4096. Tofauti hiyo utaihisi ukijaribu kuokoa picha iliyopigwa vibaya, maana JPEG ikivutwa sana mbingu inakuwa na mistari na vivuli vinajaa chengachenga. Ukipima uso vizuri pale kibarazani, huna cha kuokoa. Futa lenzi kwa kitambaa laini kabla ya kuanza, jasho la mfukoni linaharibu picha nyingi kuliko bei ndogo ya simu.

Mimi napiga harusi. Bibi harusi na mama zake wananiambia "mng'arishe". Nikikataa, kazi inakwenda kwa mwingine. Nifanyeje? (Mwanachama, Tanga)

Dada, swali hili ni zito, na ninajua linagusa mkate wako. Mara nyingi anayesema "ning'arishe" ameshaona picha zake zikitoka na uso wa kijivu usio na umbo, na dawa pekee anayoijua ni weupe. Mpe kwanza picha iliyopimwa vizuri. Mweke karibu na dirisha kubwa, shela ishike mwanga, ngozi ionyeshe mng'ao wake wa asili kwenye mfupa wa shavu. Mwonyeshe hiyo kabla hajaomba chochote. Chunusi ya wiki hii iondoe, itapita yenyewe. Kovu na alama za kuzaliwa, muulize. Lakini kumbadilisha rangi sikushauri kamwe. Kuna siku mtoto wake ataitazama albamu hiyo akitafuta amefanana na nani.

Ruhusa ya mdomo inatosha, au nahitaji maandishi? (Mwanachama, Nakuru)

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Uso unaomtambulisha mtu unaingia humo. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya alitoza klabu moja ya burudani faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotumika bila idhini ya wazazi. Kwa tangazo au biashara yoyote, andikeni na mtu asaini. Kwa mtoto, mzazi ndiye anayekubali.

Waya wa umeme unakatiza juu ya kichwa cha fundi. Nauondoa? (Mwanachama, Bukoba)

Inategemea umeiitaje picha yako. Ya tangazo la duka la vitambaa, uondoe tu. Ya habari au ya kumbukumbu ya mtaa, uache. Januari 2014 shirika la habari la Associated Press lilikata uhusiano na Narciso Contreras, mpigapicha aliyekuwa katika timu yao iliyopata Pulitzer, tuzo ya uandishi wa habari, kwa picha za Syria, kwa sababu alifuta kamera ya video ya mwenzake pembeni mwa picha moja. Kitu kidogo tu pembeni. Wewe uko bado kibarazani, chuchumaa au sogea hatua mbili, waya utatoka wenyewe.

Nataka kumpelekea fundi picha yake. Nichapishe ukubwa gani? (Mwanachama, Temeke)

Vizuri sana, fanya hivyo. Inchi 6 kwa 4 kwa nukta 300 kila inchi zinahitaji pikseli 1800 kwa 1200, simu yoyote ya siku hizi inazo. Peleka faili lenyewe kwenye flashi ya USB, na uwaombe studio wazime marekebisho ya kiotomatiki ya mashine, maana yanaweza kuongeza mwanga usoni na kazi yako yote ikapotea. Chapisha moja kwanza, uitazame nje kwenye kivuli, ndipo uagize nyingine.