Kuwauzia wazee wetu plani za Medicare: usianze na hodi

Nyie mliopata leseni ya kuuza bima juzi juzi, na mnataka kuuza plani za Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, na mnataka kuwahudumia wazee wa Kiswahili hapa Marekani, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi, nisikilizeni kabla Oktoba haijafika.

Kwetu kumpitia mzee nyumbani ni heshima, unabisha hodi, unakaribishwa chai, stori zinaendelea. Sasa kwa Medicare Advantage (plani za kampuni binafsi zinazochukua nafasi ya Medicare ya kawaida) na Part D (plani za dawa) hiyo hodi ndo kosa la kwanza kabisa. CMS, yaani wale wa serikali wanaosimamia Medicare, wamekataza kwenda mlangoni kwa mtu ambaye hajakuita, kumpigia simu ambayo hakuiomba, hata meseji, na ile ya "nimepewa namba yako na shemeji yako wa kanisani" nayo ni simu isiyoombwa, usijidanganye. Mpe huyo shemeji kadi zako za biashara azigawe, mzee akikuhitaji atakupigia mwenyewe. Barua ya posta ruksa.

Tarehe zishike kichwani. Kutangaza plani za mwaka unaofuata ni kuanzia Oktoba 1, kujiandikisha ni Oktoba 15 mpaka Desemba 7, plani inaanza kazi Januari 1. Kuna pia Januari 1 mpaka Machi 31, mtu aliye tayari kwenye Advantage anaweza kubadili mara moja, ila hicho kipindi hukitangazi, unasubiri aulize yeye.

Kabla hamjaongelea plani kuna fomu ya Scope of Appointment, inasema mtaongea nini na nini. 2023 CMS wakaleta kanuni kwamba kati ya fomu na kikao yapite masaa 48, ukiacha mtu aliyeingia mwenyewe ofisini na zile siku nne za mwisho wa msimu. Hizi kanuni zinaguswaguswa karibu kila mwaka, kwa hiyo mafunzo ya mwaka usiyapite kwa kubofya tu mpaka mwisho, soma. Na kama kikao ni cha Advantage, usimchomekee mzee bima ya maisha humo humo, hata kama anaongelea gharama za mazishi na wewe mkono unakuwasha.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mafunzo hayatakwambia. Kuna bibi mmoja hapa Ohio alinipigia Februari fulani, nikafika akamimina mfuko mzima wa dawa mezani, za presha, za sukari, chupa nyingine zimeisha toka Desemba. Ajenti mmoja, mtoto wa kwetu kabisa, alikuwa amemhamishia plani yenye meno na miwani, kumbe daktari wake wa figo hayumo kwenye netiweki, yaani orodha ya madaktari wa hiyo plani, miadi miwili imepita hajaonwa. Nikamuuliza bibi mbona ulisaini? Akasema, "Mjukuu wangu, si alikuwa ameshakunywa chai yangu, ningemkatalia vipi?" Bahati Machi ilikuwa haijaisha tukambadilishia.

Kwa hiyo "ndiyo" ya mzee wetu usiichukulie kama amekubali, mara nyingi anakuheshimu tu. Mimi siku hizi namwambia, "Bibi hebu nifundishe mimi sasa, Jumatatu ukiumwa unaenda kwa nani, na ukifika utalipa nini?" Akijibu "wewe si unajua mwanangu," sisainishi. Tunarudia, au tunamsubiri binti yake atoke shifti. Na kabla ya yote hayo naandika kila daktari na kila dawa kutoka kwenye chupa zenyewe, sio kwa kukumbuka, nazitafuta moja moja kwenye plani.

Muulize pia kama ana mpango wa kwenda nyumbani. Wazee wengi wanaenda Mombasa au Bukavu wanakaa miezi, na Medicare ya kawaida karibu hailipi kitu nje ya Marekani. Akiwa kwenye Advantage akakaa nje ya eneo la plani zaidi ya miezi 6 anaweza kuondolewa. Baadhi ya plani za Medigap, bima ya kujazia Medicare ya kawaida, zinasaidia dharura za safarini, ila Medigap kuipata bila kuulizwa magonjwa ni ile miezi 6 ya kwanza akiwa na miaka 65 na Part B (sehemu ya Medicare inayolipia madaktari), baadaye majimbo mengi wanaweza kumkataa. Ukimpeleka Advantage bila kumwambia hilo umemfungia mlango, na wewe umelipwa. 2025 kamisheni ya mtu mpya kwa majimbo mengi ilifika dola 626, kwa hiyo kishawishi kipo, tusijifanye hakipo.

Maneno nayo. Plani ya premium sifuri, yaani isiyo na ada yake ya kila mwezi, usiiite "bure", Part B bado analipa, 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi kwa watu wengi. Usiseme "natoka Medicare." Usiseme "plani bora kuliko zote" kama huna ushahidi.

Zawadi mwisho dola 15 kila moja, 75 kwa mwaka, pesa taslimu hapana, na anapewa hata asiyejiandikisha. Kwenye mkutano wa mauzo chakula kamili ni marufuku. Chai na sambusa mbili tatu zinapita, pilau la mbuzi halipiti (najua inauma). Kwenye chumba cha daktari anapotibia usiuze kitu.

Simu za mauzo zinarekodiwa na kutunzwa kwa miaka, mwambie mzee mapema asishtuke.

Na ukitoka mwachie karatasi yenye maandishi makubwa: 1-800-MEDICARE, mkalimani wa Kiswahili anaombwa bila malipo, na namba ya SHIP ya jimbo lake, washauri wasiolipwa kamisheni na mtu. Akiwapigia wakamwambia tofauti na ulivyosema wewe, rudini mezani mwangalie tena.