Namna ya Kutambua Krasteshia Wadogo wa Maji ya Chini ya Ardhi

Weupe na upofu havitoshi kumtambua mnyama wa milimita moja aliyechujwa kutoka kisimani, kwa kuwa karibu kila krasteshia (mnyama wa jamii ya kaa na kamba) aliyezoea giza la chini ya ardhi ana sifa hizo, hata wasio na udugu wa karibu. Kinachotenganisha makundi ni mpangilio wa pingili na viungo.

Ili kupata sampuli, chimba shimo kwenye mchanga wa kando ya mto hadi maji yajikusanye, kisha uyachote na kuyapitisha kwenye chujio lenye matundu yasiyozidi mikromita 100. Ukitarajia kuchunguza DNA, hifadhi wanyama katika ethanoli ya asilimia 96.

Chini ya hadubini, anza na umbo zima. Ostrakodi amefunikwa na magamba mawili. Amfipodi, kama Niphargus, amebanwa ubavuni. Isopodi wengi wamebapa kuanzia mgongoni. Kopepodi ndio utakaowakuta mara nyingi zaidi: siklopoidi ana sehemu ya mbele pana kuliko ya nyuma, ilhali harpaktikoidi wengi wana mwili wa unene unaokaribiana na vipapasio vifupi.

Kundi linalodai subira kuliko yote, na kwa maoni yangu linaloilipa vizuri, ni Bathynellacea, ambalo spishi yake ya kwanza, Bathynella natans, ilielezwa na mwanazoolojia Vejdovský mwaka 1882 kutoka kisima cha Prague. Mwili ni mwembamba, hauna gamba la mgongoni, na pingili zote 8 za kifua ziko huru, ilhali kwa amfipodi na isopodi ile ya kwanza imeungana na kichwa. Pingili ya mwisho ya tumbo nayo imeshikamana na telsoni, yaani kipande cha mwisho kabisa cha mwili.

Ili kutambua spishi, lazima upasue. Mhamishe mnyama kwenye gliserini polepole, ethanoli ikivukia yenyewe, la sivyo mwili utanywea. Mlaze ubavu, mshikilie kwa sindano moja, na kwa nyingine tenga viungo kimoja kimoja. Mguu wa 8 wa dume, uliogeuka kuwa kiungo kifupi cha kujamiiana chenye ndewe ndogo, uchorwe kwanza, kwa maana umbo lake hutofautisha spishi kuliko kiungo kingine chochote. Ukiwa na majike tu, usiharakishe kutaja jina. Kisha hesabu pingili za vipapasio na miiba ya uropodi (viungo vya mwisho vya mkiani) pande zote mbili, kwa sababu kulia na kushoto kwa mnyama huyohuyo huweza kutofautiana.