Addis Ababa mwezi wa Agosti: mambo ya kuweka sawa kabla hujapanda ndege

Wageni wengi huikwepa Addis Ababa kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Septemba kwa sababu moja tu: mvua. Huo ndio msimu wanaouita kiremt, na Julai na Agosti ndio kilele chake. Lakini hesabu miezi mingine. Januari kuna sikukuu ya Timket, Februari mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika hujaza hoteli na kufunga barabara, na mwisho wa Septemba kuna sikukuu ya Meskel. Agosti haina msongamano wa namna hiyo. Vyumba vinapatikana, bei inazungumzika, na makumbusho unatembea bila kusukumana. Usitarajie tu kwamba nauli ya ndege nayo itashuka. Bole, uwanja wa ndege wa Addis, ni kituo cha kubadilishia ndege, na Agosti ndiyo likizo ya Ulaya, kwa hiyo viti hujaa watu ambao wala hawatoki nje ya uwanja. Nafuu iko kwenye chumba.

Mvua yenyewe hunyesha karibu kila siku, ila ina ratiba. Mara nyingi asubuhi huwa tulivu, hata jua hutoka. Mawingu hujikusanya kuelekea adhuhuri, na mchana mvua hushuka kwa kishindo, wakati mwingine ikiwa na mawe. Basi panga siku kwa kufuata hilo: mambo ya nje yote, yaani mlima Entoto, masoko na makanisa yenye viwanja vikubwa, yaishe kabla ya saa sita mchana. Mchana weka vitu vyenye paa. Makumbusho ya Taifa ndipo ilipo Lucy, ambaye Waethiopia humwita Dinknesh, mabaki ya umri wa takribani miaka milioni 3.2 yaliyopatikana Novemba 1974. Yanayoonyeshwa ukumbini kwa kawaida ni nakala, mifupa halisi hutunzwa ndani. Makumbusho ya Etnolojia yako ndani ya chuo kikuu, Sidist Kilo, katika jengo lililokuwa kasri la Haile Selassie. Makumbusho ya Ushindi wa Adwa, yaliyofunguliwa Februari 2024 katika mtaa wa Piassa, ni makubwa kiasi cha kumeza mvua yote ya mchana mmoja.

Mwavuli pekee hautoshi, kwa sababu mvua ya huko huja na upepo. Chukua koti la mvua lenye kofia, na viatu vya soli yenye meno vinavyokauka haraka. Viatu vya kitambaa ukivilowesha Jumatatu, Jumatano bado vinatoa maji. Nguo zilizofuliwa nazo zina tatizo hilohilo: hewa ni baridi na yenye unyevu, vyumba vingi havina kipasha joto, na jinzi inaweza kukaa siku mbili kwenye kamba bila kukauka. Beba nguo nyepesi za kuvaa tabaka kwa tabaka, sweta moja nzito, na soksi nyingi kuliko unavyodhani utahitaji. Joto la mchana huwa kama nyuzi 20, usiku hushuka hadi 10 hivi. Anayetoka Mbeya au Limuru hatashtuka. Anayetoka Tanga au Mombasa atalala na sweta. Unapoulizia chumba, uliza pia blanketi za ziada na jenereta, maana umeme ukikatika na mvua, maji ya moto nayo yameondoka.

Kuhusu viatu, tope si aibu huko. Kila kona kuna vijana wa listro, wang'arisha viatu, na Agosti ndiyo mavuno yao. Weka noti ndogondogo mfukoni kwa ajili hiyo, na usimkabidhi kiatu anayetaka kuondoka nacho.

Watu wa pwani hulidharau suala la mwinuko kwa sababu Addis ni jiji, wala si mlima. Jiji liko mita 2,300 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na Dar es Salaam. Siku ya kwanza utahema kwenye ngazi za ghorofa ya pili, kichwa kinaweza kugonga kidogo, na usingizi ukawa wa vipande vipande. Kwa wengi haya hupungua baada ya siku moja au mbili. Kunywa maji, punguza pombe, na uiache Entoto, inayopita mita 3,000, hadi siku ya tatu. Mwenye ugonjwa wa selimundu amwone daktari wake kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa hewa haba na baridi vinaweza kuamsha maumivu. Vivyo hivyo mwenye matatizo ya moyo au mapafu. Faida ya mwinuko ni kwamba ndani ya Addis hakuna malaria. Ukipanga kuteremka Bonde la Ufa, hesabu inabadilika na dawa ya kinga inahitajika.

Saa ni jambo ambalo Mswahili humzidi mgeni mwingine yeyote, na papo hapo hukwama. Waethiopia huhesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, kisha saa moja inafuata. Tatizo linaanza pale wewe na mwenyeji mnapozungumza Kiingereza. Yeye akisema "two o'clock", hujui kama anatafsiri saa yake ya nyumbani, yaani saa mbili asubuhi, au ameshakubadilishia kuwa ya kizungu, yaani saa nane mchana. Dereva wa saa kumi na moja alfajiri akija saa tano asubuhi, ndege imekwenda. Uliza kila mara: kwa Habesha (saa ya Kiethiopia) au kwa ferenji (saa ya kizungu)? Kisha mwonyeshe simu yako yenye saa iliyoandikwa.

Kalenda nayo ni nyingine: miezi 12 ya siku 30, na wa 13, Pagume, wenye siku 5 au 6. Agosti 2026 kwao bado ni mwaka 2018. Wa 2019 unaingia tarehe 11 Septemba 2026. Hili utakutana nalo kwenye risiti, na hata kwenye baadhi ya bidhaa, ambapo tarehe ya kwisha muda inaweza kuonekana imepita miaka saba. Kabla ya kugomba dukani, uliza ni kalenda ipi.

Kuanzia tarehe 7 hadi 21 Agosti Wakristo wa Orthodox huwa kwenye mfungo wa Filseta, ukiacha Jumatano na Ijumaa ambazo hufungwa karibu mwaka mzima. Hawali nyama, mayai wala maziwa. Mabucha mengi hupunguza kazi, baadhi ya migahawa huwa na chakula cha mfungo tu, na harusi za Kiorthodox husubiri. Hii si hasara. Agiza beyaynetu ya mfungo: injera moja pana (mkate mwembamba, laini na mchachu), juu yake dengu nyekundu zenye viungo vikali vya berbere, shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde), sukuma inayoitwa gomen, viazi mbatata na bitiruti. Ladha ya uchachu wa injera huwashinda wengine siku ya kwanza. Shiro ya moto huisaidia kuteremka. Tarehe 19 ni sikukuu ya Buhe, na kwa ajili yake wavulana hupita nyumba hadi nyumba wakiimba na kupiga fimbo chini. Andaa noti ndogo hapo pia.

Kwa Waislamu: Ethiopia Muislamu na Mkristo kila mmoja hula nyama aliyochinja wa kwake, na mkahawa hujulikana ni wa upande gani. Uliza kabla ya kukaa. Eneo la soko la Merkato kuzunguka msikiti wa Anwar, na Bole Michael kwenye Wasomali wengi, hutahangaika. Penginepo chakula cha mfungo ndicho kimbilio, kwa kuwa hakina nyama wala siagi. Kitfo ni nyama ya ng'ombe ya kusaga isiyopikwa, na leb leb ni iliyopashwa moto kidogo tu. Minyoo ya tegu hupitia humo. Ukiitaka iliyoiva, sema "yebesele".

Fedha zipange mapema kuliko ulivyozoea. Tangu Julai 2024 birr, fedha ya Ethiopia, imeachwa ifuate soko, na ikashuka sana, kwa hiyo bei zozote za zamani ulizosoma mtandaoni hazina maana. Beba dola safi, zisizochanika wala kuandikwa, ubadilishe benki pale uwanjani, na utunze stakabadhi. Bila hiyo, kurudisha birr zilizobaki kuwa dola ni mvutano. Kubadilisha mtaani ni kosa la jinai. Mashine za kutolea fedha zipo nyingi, lakini mtandao ukikatika zinanyamaza zote kwa pamoja, basi usibaki na kadi peke yake. Na Mkenya asije na matumaini ya kulipa kama nyumbani: M-Pesa ya Ethiopia ni pochi nyingine, yenye laini nyingine. Laini ya Ethio telecom au ya Safaricom Ethiopia husajiliwa kwa pasipoti. Plagi za huko ni za vijiti viwili vya mviringo, kwa hiyo chaja yetu ya meno matatu bapa inahitaji kigeuzi, nacho ni rahisi zaidi kukinunua kabla ya kuondoka.

Bodaboda usizitafute. Pikipiki zilibanwa jijini mwaka 2019, na abiria hubebwa na daladala za bluu na nyeupe ambazo hazina namba ya njia. Kondakta hupiga kelele ya anakoelekea. Kushuka, sema "weraj ale". Mvua ikianza foleni hurefuka ghafla, na hapo programu za teksi kama Ride au Feres ndizo za kutumia, ukiongeza saa nzima kwenye makadirio yako. Ramani ya zamani ya Piassa usiiamini, sehemu kubwa ya mtaa huo ilibomolewa 2024. Umati wa Merkato unahitaji mfuko wa ndani wenye zipu. Anayekumwagia kitu kwenye koti na kukimbilia kukufuta ana mwenzake nyuma yako.

Makanisani viatu huvuliwa, na Agosti zulia la mlangoni huwa limelowa, ndiyo maana ya zile soksi za ziada. Wanawake wajifunike kichwa. Majengo ya serikali, kasri na askari havipigwi picha, na droni bila kibali itabaki forodhani. Sanamu ya Mwalimu Nyerere iliyozinduliwa Februari 2024 iko ndani ya uzio wa makao makuu ya Umoja wa Afrika. Huwezi kuingia tu ukitokea barabarani. Safari za nchi kavu nje ya jiji, hasa kuelekea mkoa wa Amhara, ziulizie usalama wake wiki hiyohiyo unayosafiri.

Karatasi ni chache. Mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza. Mtanzania aombe mtandaoni kabla, pasipoti ikiwa na angalau miezi sita. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuondoka, kwani kinga haijakamilika kabla ya hapo. Ethiopia ni miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo, hivyo kadi inaweza kuulizwa pia ukirudi Dar es Salaam au Zanzibar. Ikae pamoja na pasipoti, isiwe ndani ya begi ulilokabidhi.